Simu Inayopima Mkono Ulioishika

Mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson anaweza kuwa watu watatu kati ya alfajiri na magharibi. Akiamka, dawa ya jana imekwisha mwilini na hata kujigeuza kitandani ni shughuli. Saa nne hivi, levodopa, dawa yake kuu, ikishakolea, anafunga vifungo vya shati mwenyewe na utani unarudi. Mchana miguu inamganda mlangoni, au mwili unaanza kujinyonganyonga bila ruhusa yake kwa sababu dawa imefika kileleni. Daktari wa mishipa ya fahamu anakutana na mmoja tu kati ya hao watatu, kwa dakika chache, kila baada ya miezi kadhaa. Na mara nyingi anakutana na yule mwenye nafuu, maana nani atatoka kwenda kliniki kabla dawa haijaanza kazi?

Nayajua haya kwa sababu ya mjomba wangu. Daktari akimuuliza, "Tangu tuonane mara ya mwisho, hali ikoje?" Mjomba hujibu, "Namshukuru Mungu, si mbaya." Mkewe pembeni anakohoa kidogo. Kikohozi kile kina taarifa nyingi kuliko jibu lenyewe, ila hakiandikwi kwenye faili.

Si kwamba vipimo havipo. James Parkinson alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1817 alitegemea macho tu, na baadhi ya wagonjwa wake aliwaona wakipita barabarani. Leo upo utaratibu wa kutoa alama uitwao UPDRS, uliotoka mwaka 1987 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2008. Mgonjwa anaambiwa agonganishe kidole cha shahada na gumba mara kumi, kwa kasi na upana wote anaouweza. Daktari anatazama, kisha anaandika namba kati ya 0 na 4. Kati ya 1 na 2 pana nafasi kubwa, na anayeijaza ni jicho la daktari huyo siku hiyo. Ipo pia shajara, karatasi iliyogawanywa kwa vipande vya nusu saa, ambamo mgonjwa anatia alama: hapa nililala, hapa dawa ilikuwa imeisha, hapa nilikuwa sawa, hapa mwili ulicheza wenyewe. Nimeziona karatasi hizo zikijazwa. Siku kadhaa kwa mpigo, kalamu moja, mwandiko mmoja, usiku wa kuamkia kliniki.

Ndiyo maana wazo la simu liliponifikia sikulipinga hata kidogo. Kifaa kipo mkononi tayari, kinalala kitandani na mwenyewe, hakina haja ya kupanga foleni. Ndani yake mna akselerometa, kihisi kidogo kinachopima jinsi simu inavyosukumwa huku na huku, nacho kinaweza kusoma mara 100 kwa sekunde. Mtetemeko wa Parkinson huenda mara 4 hadi 6 kwa sekunde, kwa hiyo kwa kihisi hicho ni mwendo wa polepole kabisa. Kuna jairoskopu ya kupima mzunguko, maikrofoni ya kusikia sauti iliyofifia, na kioo kinachojua kidole kimegusa wapi na kwa muda gani. Vyote viliwekwa kwa ajili ya maongezi, michezo, picha na ramani. Watafiti walivikuta tu.

Jaribio lililofanya watu wengi waamini jambo hili lilianza Machi 2015 huko Marekani. Apple ilitoa zana za watafiti ziitwazo ResearchKit, na kati ya programu za kwanza zilizotumia zana hizo ilikuwamo mPower, ya shirika la Sage Bionetworks, mahususi kwa Parkinson. Mtu hakuhitaji kwenda popote. Alipakua programu, akapitishwa kwenye maelezo ya ridhaa yenye picha, akajibu maswali machache kuonyesha ameelewa, akaanza. Kazi zenyewe zilikuwa nne: kugusa vitufe viwili kwa kupokezana vidole, kusema "aaaa" kwenye maikrofoni, kutembea na kusimama simu ikiwa mfukoni, na mchezo mfupi wa kumbukumbu. Wenye ugonjwa waliombwa wafanye kabla ya kumeza dawa, kisha tena baada ya dawa kukolea. Zaidi ya watu 9,000 walikubali data yao igawiwe watafiti wa nje. Kwa taaluma iliyozoea tafiti za wagonjwa arobaini au hamsini, hiyo ilikuwa mvua baada ya kiangazi.

Mvua nayo ina matope yake.

Tope la kwanza ni umri. Wengi waliojiunga bila kuwa na ugonjwa walikuwa vijana wapenda teknolojia, na wenye ugonjwa walikuwa wazee. Ukiifundisha kompyuta kutofautisha makundi hayo mawili, itafaulu vizuri mno, na utashangilia, kumbe imejifunza kutofautisha mzee na kijana. Hilo angalau linaonekana haraka. La pili ndilo lililonifanya nibadili namna ninavyosoma habari za aina hii. Kila mtu hutuma rekodi nyingi, tuseme rekodi mia za kugusa kioo. Mtafiti anazichanganya rekodi za watu wote, anachota sehemu ya kuifundishia kompyuta na sehemu ya kuipimia. Rekodi za mtu yuleyule zinajikuta pande zote mbili. Sasa kila mtu ana mdundo wake wa kugusa, kama alivyo na mwandiko wake. Kompyuta ikimtambua fulani, na inakumbuka kwamba fulani alikuwa mgonjwa, inajibu "mgonjwa" na kupata alama, bila kujua chochote kuhusu Parkinson. Mwaka 2019 Elias Chaibub Neto na wenzake wa Sage Bionetworks, yaani wenye data wenyewe, walionyesha jinsi kosa hili linavyoweza kuvimbisha matokeo. Nawapa heshima kwa hilo. Si kila mtu hukagua nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Sauti nayo ilipitia njia hiyohiyo. Mwaka 2012 mtaalamu wa hisabati Max Little alianzisha mradi wa kukusanya sauti kwa njia ya simu, na maelfu ya watu walipiga wakarekodi "aaaa" yao. Katika maabara tulivu, yenye maikrofoni nzuri na wasemaji wachache, usahihi uliotangazwa ulikuwa karibu asilimia 99. Sauti zilipokuja kupitia laini za kawaida za simu, kutoka kwa maelfu ya watu mbalimbali, usahihi ulishuka hadi kama theluthi mbili. Ukizingatia kwamba kubahatisha tu kunakupa nusu, theluthi mbili si kitu cha kumwambia mtu kwamba anaumwa.

Ndiyo maana siku hizi mtu akinitumia habari ya "simu inayogundua Parkinson kwa sekunde thelathini", naifunga. Siamini kazi ya simu ni kumtenga mgonjwa na mzima. Watu wanatofautiana mno kwa vidole, sauti na mwendo, na mkono wa fundi seremala si mkono wa mpiga kinanda. Kazi ambayo simu inaiweza ni kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe: mkono wa mjomba saa moja asubuhi na mkono wa mjomba saa tano, wiki hii na wiki ile. Ile sifa iliyoharibu tafiti, kwamba mdundo wa kila mtu ni wake peke yake, hapa inageuka kuwa msaada. Humtafuti mgonjwa katika umati. Umeshamjua, unataka kujua leo yukoje.

Mjomba alijiunga na utafiti mmoja wa namna hii, mimi nikiwa msaidizi wa kusoma maandishi madogo. Nilikaa naye wakati wa majaribio mengi, na kuna mambo ambayo huwezi kuyaona kwenye jedwali la data.

Mtetemeko wake ni wa mkono uliotulia. Akiwa ameuweka pajani, akitazama taarifa ya habari, kidole gumba na cha shahada husuguana kana kwamba anahesabu noti. Akinyoosha mkono kuchukua simu, mtetemeko unanyamaza. Ndivyo ulivyo mtetemeko wa Parkinson kwa wagonjwa wengi: hujitokeza misuli ikipumzika, hujificha mkono ukifanya kazi. Kwa hiyo kile kitendo cha kuishika simu ili ipime mtetemeko huufukuza mtetemeko wenyewe. Akiendelea kuishika, baada ya sekunde kadhaa unarudi, kwanza kwa aibu, kisha kwa nguvu. Programu iliyopima sekunde tano za kwanza ingeandika kwamba mjomba ni mzima wa afya. Waliotengeneza majaribio kwa kuelewa ugonjwa humtaka mtu aweke mkono pajani, simu imelala kiganjani, kisha ahesabu kurudi nyuma kwa sauti. Akili ikishughulika na hesabu, mkono unasahau kujizuia, na mtetemeko unatoka mafichoni.

Kugusa vitufe viwili nako kuna siri yake. Daktari anapotazama vidole vikigongana, anachotafuta zaidi ni upana: kidole kinaanza kwa kufunguka sana, halafu kila pigo linapungua, hadi kinabaki kinacheza sentimita moja. Kupungua huko ni alama kubwa ya Parkinson. Kioo cha simu hakiuoni upana huo. Kioo kinajua kidole kiligusa lini na wapi, hakijui kilinyanyuka kiasi gani. Kinapata mwendo, kinapoteza upana. Kwa upande mwingine kinakamata kitu ambacho jicho halikipati: tofauti ya milisekunde kati ya pigo na pigo, ule mdundo unaoyumba kabla mtu hajaanza kuonekana mzito. Ni vipimo viwili tofauti vyenye jina moja, na nikisikia kimoja kinasemwa "badala ya" kingine huwa nauliza, badala ya kipi hasa?

Halafu kuna ukavu wa vidole. Vioo vya simu hutegemea umeme kidogo wa ngozi, na vidole vikavu vya mzee vinaweza kugusa mara tatu simu ikasikia mara moja. Mjomba alishaambiwa na programu kwamba hajamaliza zoezi alilolimaliza. Alichosema siku hiyo hakichapishiki.

Pamoja na hayo yote, kilikuja kitu. Ukichora alama zake za kugusa kwa saa za siku, mstari ulikuwa unaporomoka kila siku muda mfupi kabla ya dozi ya mchana. Haukuporomoka kidogo, ulizama. Yeye mwenyewe alikuwa akisema "mchana huwa nachoka", na wote tuliamini ni uzee. Mkewe alichapisha mchoro ule, akauweka mezani kwa daktari bila neno. Daktari alisogeza saa za dawa, zikakaribiana zaidi. Hakuna akili bandia iliyohitajika hapo. Ni mtu mmoja, kidole kimoja, na saa ya ukutani.

Kama ningeishia hapo hadithi ingekuwa tamu. Baada ya muda mjomba alianza kuikwepa simu. Nilipomuuliza, akaniambia, "Mpwa wangu, asubuhi naamka nimesahau kama naumwa. Hii simu inalia kunikumbusha." Na mstari, hata ukirekebishwa na dawa, kwa miaka unaelekea chini tu, kwa sababu seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kujongea vizuri, zinaendelea kufa na hakuna dawa iliyothibitishwa kuzizuia. Mtu anayepima shinikizo la damu anaweza kulishusha akafurahi. Mtu anayepima Parkinson anajitolea kushuhudia. Tulimwombea watafiti wamfichie mchoro, data iende kwao na kwa daktari tu. Akaendelea, ila kwa kuchagua siku.

Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa mbinu yote, na sijaona kihisi kitakachoutibu. Katika mPower, kati ya wale maelfu waliokubali kugawa data, waliofanya majaribio kwa siku tano au zaidi walikuwa kama mmoja kati ya kumi. Wazima waliondoka kwa sababu walichoka. Wagonjwa waliondoka kwa sababu nyingi: wengine walichoka vilevile, wengine walikuwa na siku mbaya ambazo mkono haukuweza kufungua simu, wengine walivunjika moyo kama mjomba. Maana yake siku mbaya kuliko zote ndizo zisizoingia kwenye data. Unabaki na kumbukumbu ya siku ambazo mtu aliweza, kisha unapiga wastani na kusema hali yake ni ya kuridhisha. Yaani tumetoka kliniki tukikimbia daktari anayemwona mgonjwa akiwa na nafuu tu, tukajenga mashine inayofanya vilevile.

Kwa ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, jambo hili ni kali zaidi. Kipimo chake cha kawaida, ALSFRS-R, kina maswali 12 na jumla ya alama 48, na mgonjwa anaweza kuyajibu nyumbani kwenye simu. Lakini ugonjwa wenyewe unaanza na mkono, au ulimi, au miguu, na mwisho unachukua vyote. Simu inapokea taarifa kwa kidole na kwa sauti. Vikiondoka, anayejibu ni mke, mwana, au muuguzi, na hakuna safu kwenye jedwali inayosema tangu lini.

Kwa sababu hiyo watafiti wengi wamehamia kwenye ukusanyaji wa kimya, ambapo mtu hafanyi zoezi lolote, simu inasoma tu anavyoishi. Kundi la chuo kikuu cha MIT, Marekani, lilichapisha kazi ya namna hii katikati ya muongo uliopita: halikuangalia mtu anaandika nini, liliangalia kidole kinakaa muda gani juu ya kila kitufe cha kibodi ya kompyuta, na kuyumba kwa muda huo kulitosha kuonyesha dalili za awali za Parkinson. Kwa Alzheimer, ugonjwa unaokula kumbukumbu, ambako dalili si za mkono, wengine walipitia michezo. Sea Hero Quest ilitoka mwaka 2016, mchezo wa kuongoza mashua kwenye visiwa na mifereji, na zaidi ya watu milioni 4 waliucheza. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba watu wenye jeni ya APOE4, inayoongeza uwezekano wa kupata Alzheimer, walipita njia ndefu zaidi kwenye mchezo ule hata pale vipimo vyao vya kawaida vya kumbukumbu vilipokuwa sawa. Napenda sana wazo hili. Uwezo wa kujua uko wapi huanza kuyumba mapema, na karatasi ya kumwuliza mtu leo ni tarehe ngapi haiugusi.

Ila ukimya una gharama yake. Mtu anayefanya zoezi anajua anapimwa. Mtu anayesomwa kimya husahau, na kwa magonjwa haya neno "kusahau" si la mzaha. Simu inayojua mwendo wako, mahali ulipo na jinsi unavyoandika inajua pia kama umeanza kupotea njia ya kwenda nyumbani, kabla mwanao hajajua, na kabla wewe mwenyewe hujakubali. Kuondoa jina hakutoshi. Kama mdundo wa vidole unatosha kumtambua mtu katikati ya maelfu, na tumeona unatosha, basi data hiyo ni jina tayari. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika mwaka 2018, inaiweka data ya afya kwenye kundi lenye ulinzi maalumu. Sheria ni nzuri, lakini haimsaidii mtu aliyebonyeza "nakubali" akiwa na akili timamu, na sasa hajui kwamba kuna kitu alikubali.

Maoni yangu kuhusu hili si ya kitaalamu, ni ya mtu aliyesoma maandishi madogo kwa sauti mbele ya mzee mwenye subira kidogo. Ridhaa ya ugonjwa unaokula ubongo haiwezi kuwa ya siku moja. Iombwe upya kila baada ya muda, kwa maneno machache. Mwanzoni kabisa mgonjwa aandike nani atasema kwa niaba yake, na akifika hali gani ukusanyaji usimame wenyewe bila kumngoja mtu abonyeze chochote. Mjomba alimtaja mkewe. Mahali alipo aliamua kupazima tangu siku ya kwanza. "Ninakokwenda hakumhusu mtu," alisema, na mkewe akacheka kwa namna iliyonifanya nisiulize zaidi.

Na kitufe cha kujitoa kiwe kikubwa. Katika programu yake kilikuwa ndani ya menyu, ndani ya menyu nyingine, kwa herufi za kijivu zisizozidi punje ya mchele, halafu ubonyeze na kushikilia kwa sekunde tatu. Mjomba alitaka tu kujua kiko wapi, kwa tahadhari. Kila alipokishikilia, kidole kilitetemeka, simu ikahesabu kwamba ameachia, ikamwomba aanze tena. Tuliwaandikia watengenezaji. Wakajibu kwa adabu kwamba wametengeneza hivyo ili watu wasijitoe kwa bahati mbaya.